Betri za sodiamu: Kathodi imara isiyo nafuu ni kazi bure

Mtu akikuambia ametengeneza kathodi (upande chanya) imara ya betri ya sodiamu, mwulize kwanza: imara dhidi ya nini? Hewa, volti au muda? Kathodi moja inaweza kuvumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa maabara, lakini unga wake ukaharibika ndani ya mfuko kabla haujafika kwenye mashine ya kuchanganyia. Nyingine inakaa mezani wiki nzima bila kudhurika, ila ukiipandisha volti kidogo tu inapasuka. Zote mbili zitaitwa imara kwenye ripoti za utafiti, na hakuna mwandishi atakayekuwa amedanganya.

Swali la pili huulizwa mara chache zaidi, nalo ndilo linalonisumbua: uthabiti huo umenunuliwa kwa kitu gani?

Betri ya sodiamu ina sababu moja kubwa ya kuwepo, nayo ni unafuu. Kwa wepesi haitaishinda ya lithiamu. Atomu ya sodiamu ina uzito wa 23 dhidi ya 7 ya lithiamu, na kwa volti inaachwa nyuma kwa takriban 0.3 tangu mwanzo. Inachopata ni malighafi. Sodiamu ni zaidi ya asilimia 2 ya gamba la dunia, wakati lithiamu ni sehemu 20 hivi katika kila milioni. Tena sodiamu haifanyi aloi na alumini, kwa hiyo karatasi ya shaba inayobeba anodi (upande hasi) ya betri ya lithiamu inaweza kubadilishwa na ya alumini, ambayo ni nyepesi na ya bei ya chini. Sasa chukua mfumo huo, upachike vanadi, kobalti, bati na antimoni, kisha ufunike kila punje kwa utando wa nanomita chache ndani ya mashine ya utupu. Kathodi itadumu, sawa. Lakini sababu ya kuitumia sodiamu imekwenda wapi?

Ndiyo maana naona utafiti mwingi wa kuimarisha kathodi hizi unapiga hatua kwenye njia isiyofika kiwandani. Kila tiba ipimwe kwa mizani mbili kwa pamoja: inaongeza maisha kiasi gani, na inaongeza gharama kiasi gani kwa kilo ya unga. Ukizitazama tiba zilizopo kwa jicho hilo, orodha ya washindi inabadilika sana.

Tuanze na familia iliyotangulia viwandani, oksaidi za matabaka. Claude Delmas na wenzake wa Bordeaux walizipanga mwaka 1980 kwa herufi na namba ambazo watu wanazitumia hadi leo: O3, P2 na nyinginezo. Herufi inaeleza umbo la chumba ambamo ioni ya sodiamu imekaa kati ya matabaka. Namba inaeleza ni matabaka mangapi ya metali yanapita kabla mpangilio haujajirudia. O3 hubeba sodiamu nyingi, karibu ioni moja kwa kila atomu ya metali. P2 hubeba theluthi mbili hivi, lakini njia zake ni wazi zaidi na sodiamu inapita humo bila kubanwa sana.

Tuisogelee moja tuone inavyokufa. Zhonghua Lu na Jeff Dahn walichunguza mwaka 2001 oksaidi ya P2 yenye nikeli theluthi moja na manganizi theluthi mbili. Ukianza kuichaji, sodiamu inatoka taratibu na matabaka yanatanuka kidogo, kwa sababu oksijeni za juu na za chini zinasukumana zinapokosa ioni chanya ya kuzituliza katikati. Ukivuka volti 4.2 au karibu na hapo, sodiamu iliyobaki haitoshi kushikilia umbo. Matabaka yanateleza kama karata zinazosukumwa kwa kidole, nafasi kati yao inaporomoka, na ukubwa wa fuwele unapungua kwa takriban asilimia 23. Ukitoa chaji yanarudi yalikokuwa. Ukichaji tena, yanaporomoka tena. Punje yenye upana wa mikromita chache haiwezi kujikunja na kujikunjua hivyo mara nyingi bila kupata ufa. Ufa ukishafunguka, elektroliti (kimiminika kinachopitisha ioni kati ya kathodi na anodi) inapenya ndani, inakutana na uso mbichi ambao haukuwahi kuguswa, inavunjika kikemia papo hapo na kuacha utando unaozuia umeme.

Tiba rahisi kuliko zote haigharimu hata gramu moja ya malighafi: usifike huko. Ukiisimamisha chaji kwenye volti 4.1 hivi, mporomoko hautokei na kathodi hiyo hiyo inadumu vizuri. Hasara yake ni kwamba unaacha karibu nusu ya uwezo wa kinadharia, ambao ni miliampea-saa 173 kwa gramu. Watafiti hawaipendi tiba hii. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba haiandikiki; nani atachapisha ripoti inayosema alipunguza volti mambo yakatulia? Mhandisi wa kiwanda, kwa upande wake, anaanzia hapo.

Tiba ya pili ni kupachika magnesi kidogo mahali pa nikeli. Magnesi haibadilishi chaji yake betri inapofanya kazi. Kwa kuwa haitoi elektroni, kuna kiasi cha sodiamu ambacho hakitatoka kamwe, na ioni hizo zilizobaki zinakuwa nguzo zinazoyatenganisha matabaka. Zaidi ya hapo, magnesi inavuruga tabia ya sodiamu kujipanga kwa mistari iliyonyooka katika nafasi zilizobaki wazi, mpangilio unaosababisha ngazi kwenye mchoro wa volti na kuchelewesha mwendo wa ioni. Titani na zinki hufanya kazi zinazokaribiana na hiyo. Bei yake ni uwezo uliopungua, kwa maana kila atomu ya magnesi ni kibarua asiyefanya kazi. Mimi naona ni biashara nzuri: magnesi ni ya bei ya chini, inaingia kwenye tanuru pamoja na viungo vingine, na haihitaji mashine mpya.

Chuma kina mkasa wake. Kwenye betri za lithiamu, oksaidi ya tabaka ya chuma haifanyi kazi ya maana. Kwenye sodiamu inafanya, na sababu ni ukubwa. Nusu kipenyo cha ioni ya sodiamu ni pikomita 102, cha lithiamu ni 76, na tofauti hiyo inaifanya sodiamu ibaki kwenye tabaka lake bila kuchanganyikana na metali. Ni zawadi kubwa ya kikemia, kwa kuwa inafungua mlango kwa metali za bei nafuu. Lakini oksaidi ya sodiamu na chuma tupu ikichajiwa kupita takriban volti 3.5, chuma kinaanza kuhama. Ioni zake zinadondokea kwenye vijishimo vya tabaka la sodiamu na kuziba njia. Hazirudi zote. Kwa hiyo chuma hakiachwi peke yake: hupewa nikeli na manganizi kando yake, na ndivyo ilivyozaliwa ile oksaidi ya O3 yenye theluthi moja moja ya nikeli, chuma na manganizi, ambayo viwanda vingi vimeichukua kama unga wa kuanzia.

Manganizi nayo, ikiwa na chaji ya tatu (yaani imepoteza elektroni tatu), inavuta oksijeni zake bila usawa: nne zinabaki karibu na mbili zinasogezwa mbali. Kila inapoingia na kutoka katika hali hiyo, kiunzi kinapindika. Mbaya zaidi, usoni mwa punje manganizi mbili za chaji ya tatu zinaweza kugawana elektroni, moja ikawa ya nne na nyingine ya pili, na hii ya pili inayeyuka kwenye elektroliti, inasafiri hadi anodi na kuharibu utando unaoilinda. Dawa inayojulikana ni kuiweka manganizi karibu na chaji ya nne kwa kuijazia jirani wa chaji ndogo. Magnesi tena, au shaba, au lithiamu kidogo.

Hapo ndipo njia mbili za utafiti zinapoachana, na mwaka 2020 ulizionyesha zote kwa uwazi. Chenglong Zhao, Hu Yong-Sheng na wenzao walichapisha oksaidi ya O3 yenye metali tisa katika tabaka moja, wakiita mbinu hiyo ya entropia ya juu. Wazo lenyewe ni zuri: majirani wakiwa wa aina nyingi, kila ioni ya sodiamu inazungukwa na mazingira tofauti kidogo, na mageuzi ya umbo yanachelewa badala ya kutokea kwa mkupuo. Lakini tazama orodha ya viungo: kobalti, bati na antimoni vimo. Kwa sayansi naipa heko. Kwa kiwanda cha kutengeneza betri ya bei ya chini, hapana, isipokuwa mtu apate mchanganyiko wa namna hiyo kwa metali za kawaida tu.

Mwaka huo huo baadhi ya watafiti hao walitoa kwenye jarida la Science kanuni ya kukadiria kama mchanganyiko fulani utatoka O3 au P2, kwa kuangalia chaji na ukubwa wa ioni zake kabla ya kuwasha tanuru. Kwangu mimi hii ndiyo iliyokuwa habari kubwa zaidi. Kanuni hainunuliwi kwa tani. Inampunguzia mhandisi majaribio ya kubahatisha na haiongezi chochote kwenye gharama ya unga.

Sasa tuje kwenye uharibifu ambao haupewi nafasi unayostahili, ule unaotokea kabla betri haijaitwa betri. Oksaidi za matabaka, hasa za O3 zenye nikeli nyingi, hazipendi hewa ya kawaida. Mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi vinaigusa punje, sodiamu inavutwa kutoka ndani, na usoni panajengeka haidroksaidi ya sodiamu na magadi. Nafasi ya sodiamu iliyotoka inaweza kushikwa na protoni ya maji. Katika baadhi ya aina za P2 maji yenyewe yanaingia kati ya matabaka na kuyatanua. Ukipima unga huo asubuhi ulipotoka tanuruni, ukaupima tena baada ya kuachwa wazi, utakuta ukali wa alkali umepanda.

Kisha unga huo unapelekwa kwenye rojo. Kathodi hutengenezwa kwa kuchanganya unga, kaboni ya kupitisha umeme, gundi ya plastiki yenye florini na kiyeyusho, halafu rojo hilo jeusi linapakwa kwenye karatasi ya alumini kwa unene sawasawa. Alkali iliyoko usoni mwa punje inaishambulia gundi. Inang'oa haidrojeni na florini kwenye mnyororo wake, minyororo inaanza kuungana yenyewe kwa yenyewe, na rojo lililokuwa linamiminika linakuwa zito, kisha linaganda kwenye pipa. Halipakiki tena. Mzigo wote unatupwa, na hakuna hata betri moja iliyochajiwa. Ripoti inayojisifia mizunguko elfu moja haitakuonyesha pipa hilo.

Hasara haiishii kwenye rojo. Katika betri kamili, sodiamu yote inayozunguka inatoka kwenye kathodi. Hakuna ghala lingine. Anodi ya kaboni ngumu inajitwalia sehemu yake katika chaji ya kwanza, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, na hairudishi. Ioni iliyogeuka magadi usoni mwa punje ni ioni iliyoibwa kutoka kwenye akiba ambayo tayari ni ndogo. Kwa P2, ambayo inaanza na theluthi mbili tu, wizi huo unauma maradufu.

Tiba za hewa zinatofautiana sana kwa gharama. Chumba kikavu kinafanya kazi, ila kinakula umeme mchana na usiku na kinahamisha tatizo kutoka kwenye kemia kwenda kwenye bili. Kuosha unga kwa maji kunaondoa alkali ya juu huku kukivuta sodiamu nyingine kutoka ndani, kwa hiyo unasafisha uso na kudhoofisha mwili. Utando wa oksaidi ya alumini unaojengwa safu moja moja za atomu unapendeza kwenye picha za darubini ya elektroni, na kwa betri ya kitufe ya maabara hauna ubaya. Kwa tani za unga kwa siku ni hadithi nyingine. Kuna njia ya kati ambayo naona haijapewa sifa yake: kuutibu uso kwa chumvi ya fosfati, ili alkali iliyokwisha jitokeza igeuke kuwa fosfati ya sodiamu na kuwa ngao. Uchafu unakuwa malighafi. Hatua ni moja, kemikali ni ya kawaida, na tanuru ni lile lile.

Bora zaidi ni unga usioogopa hewa tangu mwanzo. Kundi la Hu katika Taasisi ya Fizikia ya Chuo cha Sayansi cha China lilionyesha mwaka 2015 kwamba oksaidi ya O3 yenye shaba, chuma na manganizi, bila nikeli wala kobalti, inaihimili hewa. Shaba inafanya kazi mbili: inashiriki kutoa elektroni, na inalipatia tabaka ukinzani dhidi ya unyevu. Uwezo wake si wa kutisha, unazunguka miliampea-saa 100 kwa gramu, na hapo ndipo wengi walipoikunjia uso. Lakini kundi hilo halikuishia kwenye karatasi. Kampuni ya HiNa ilianzishwa mwaka 2017 juu ya kemia ya aina hiyo, na mwaka 2021 mfumo wa hifadhi wa megawati-saa 1 ulikuwa umewashwa mjini Taiyuan, China. Unga wa wastani unaostahimili hewa ulifika kwenye gridi wakati nyota nyingi za maabara zikingali kwenye visanduku vya gesi ya argoni.

Upande wa pili wa uwanja kuna fosfati na jamaa zake. Hapa kiunzi kinajengwa kwa vifundo vya fosfati vilivyofungwa kwa nguvu, oksijeni haitoroki kirahisi, na matabaka ya kuteleza hayapo. Fosfati ya vanadi yenye florini ndiyo inayovutia zaidi kwa namba: miliampea-saa 128 kwa gramu kinadharia, volti mbili za kazi zinazokaribia 3.7 na 4.2, na ukubwa wa fuwele unaobadilika kwa asilimia 3 hivi. Linganisha na 23 ya ile oksaidi ya P2. Kampuni ya Tiamat ya Ufaransa, iliyotokana na utafiti wa CNRS (kituo cha taifa cha utafiti wa sayansi cha huko), imeitumia, na mwaka 2023 bisibisi ya umeme yenye betri zake iliingia madukani huko. Kwa kazi inayodai nguvu ya ghafla na chaji ya haraka, ni chaguo lenye mantiki. Kwa hifadhi ya umeme ya gharama ndogo sioni namna. Vanadi ni madini yanayotegemea soko la chuma, hasa cha ujenzi, bei yake iliwahi kuruka vibaya mwaka 2018, na oksaidi yake ni sumu kwa anayeishika. Umeondoa lithiamu kwa sababu ya bei, kisha umejifunga kwa vanadi?

Chuma na fosfati ndio mseto unaoendana na ahadi ya sodiamu, na hapo kuna kejeli moja ya maumbile. Ukichukua sodiamu, chuma na fosfati kwa uwiano sawa na kuvichoma, unapata fuwele inayoitwa marisaiti. Hiyo ndiyo hali iliyo tulivu zaidi ya mchanganyiko huo, na kwa betri ni karibu maiti: njia za sodiamu zimefungwa. Umbo linalofaa, lile la olivini linalofahamika kwa betri za lithiamu, halipatikani kwa kuchoma. Hutengenezwa kwa kutoa lithiamu kwenye fosfati yake ya chuma na kuingiza sodiamu mahali pake. Utulivu mkubwa kuliko wote umetoa kitu kisicho na faida. Anayetafuta uthabiti kwa ajili ya uthabiti atie hilo moyoni.

Njia iliyopatikana ni kuongeza pairofosfati (fosfati mbili zilizoungana) kwenye kiunzi. Kiwanja chenye sodiamu nne, chuma tatu, fosfati mbili na pairofosfati moja kina uwezo wa kinadharia wa miliampea-saa 129 kwa gramu, volti ya wastani ya 3.1 hivi, na ukubwa wake unabadilika kwa chini ya asilimia 4. Hakihitaji nikeli wala kobalti, na chuma chake hakipandi hadi hali ile kali ya chaji ya nne inayokisumbua katika oksaidi. Udhaifu wake ni wa aina nyingine. Hakipitishi elektroni vizuri, kwa hiyo punje lazima zifunikwe kwa kaboni. Ukikosea uwiano au joto, marisaiti inajipenyeza humo kama uzito usiolipa. Na kwa kuwa si kizito kwa lita, betri inakuwa kubwa. Kaboni hiyo, lakini, inatokana na sukari au kitu cha namna hiyo kinachochomwa pamoja na viungo. Tiba na kiungo vinapikwa chungu kimoja, na ndiyo maana siku hizi watengenezaji wa hifadhi kubwa za umeme wanakimbilia huko. Ningekuwa na fedha za kuweka, ningeziweka upande huo.

Buluu ya Prussia nitaipitia haraka. Rangi hii ya wachoraji, iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ina kiunzi cha chuma na sianidi chenye vyumba vikubwa ambamo sodiamu inatembea. Inatengenezwa ndani ya maji kwa joto dogo, kwa malighafi za bei ya chini. Adui wake ni hayo hayo maji: yanabaki ndani ya vyumba na kwenye mapengo ya kiunzi, na yakitoka wakati betri inafanya kazi yanaharibu elektroliti. Kuyakausha kabisa kunawezekana, kuyazuia yasirudi ndiyo kazi. CATL, kampuni kubwa ya betri ya China, ilipotangaza betri yake ya kwanza ya sodiamu mwaka 2021, yenye wati-saa 160 kwa kilo, ilitaja aina nyeupe ya kiwanja hiki. Natron ya Marekani iliyoijenga biashara yake yote juu ya familia hiyo ilifunga shughuli mwaka 2025. Sitasema kemia ndiyo iliyoizika, fedha za kampuni changa zina mambo mengi. Ila kazi ya kukausha haijaisha.

Nirudi kwenye vipimo, maana hapo ndipo uthabiti mwingi unapotengenezwa kwa kalamu. Majaribio mengi ya kathodi hufanywa kwenye seli nusu, ambapo upande wa pili kuna kipande cha metali ya sodiamu. Kipande hicho ni ghala lisiloisha. Kathodi ikipoteza sodiamu yake kila mzunguko, ghala linafidia kimyakimya na mchoro unabaki umenyooka. Katika betri kamili fidia hiyo haipo. Fanya hesabu: ikiwa kila mzunguko unarudisha asilimia 99.9 ya sodiamu, baada ya mizunguko 1,000 umebaki na asilimia 37. Ukitaka ubaki na asilimia 90, kila mzunguko urudishe asilimia 99.99. Tofauti ya namba hizo mbili haionekani kwa macho kwenye mchoro, na ndiyo inayoamua kama betri itauzika.

Halafu kuna ujanja wa kasi. Utasoma kwamba kathodi fulani imevumilia mizunguko 10,000. Angalia kasi iliyotumika. Ikiwa chaji inachukua dakika tatu na kuitoa dakika tatu, mizunguko yote hiyo inamalizika ndani ya saa 1,000, yaani siku 42. Hifadhi ya umeme inayochajiwa mchana na kutumika usiku ingehitaji miaka 27 kufikisha idadi hiyo. Kuyeyuka kwa manganizi na kuvunjika kwa elektroliti vinahesabu saa zilizokaa kwenye volti ya juu, havihesabu mizunguko. Tena kwa kasi hiyo sodiamu haipati muda wa kutoka yote, kwa hiyo kathodi haikufika kabisa pale inapoumia. Ni sawa kuisifu kwa kasi, lakini usiuite huo ushahidi wa maisha marefu.

Ripoti ambayo ningeiamini ingekuwa fupi. Unga umeachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu unaotajwa, saa zinazotajwa, kisha rojo likapakwa. Seli ni kamili, yenye kaboni ngumu, na elektroliti ya kiasi cha kiwandani badala ya ile ya kuogelea. Elektrodi ina unene unaouzika, si miligramu moja au mbili kwa sentimita mraba. Kuna jaribio la nyuzi joto 45 na jaribio la kuiacha imejaa chaji wiki kadhaa bila kuigusa. Mwisho, gharama ya viungo kwa kilo. Nyingi ya namba hizi hazihitaji vifaa vya ajabu, zinahitaji uvumilivu, na zinamwumbua mtafiti. Ndiyo maana hazionekani.

Soko nalo limeondoa nafasi ya kudekezana. Lithiamu kabonati ilikaribia yuani 600,000 kwa tani nchini China mwishoni mwa 2022, na kila mtu akaiona sodiamu kama mkombozi. Mwaka 2024 bei ilikuwa imeshuka chini ya yuani 100,000. Mshindani halisi wa sodiamu ni betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, ambayo imekomaa, inadumu, na ambayo mwaka 2024 lithiamu yake ilikuwa ya bei ya kutupwa. Mbele ya mshindani huyo, kathodi ya sodiamu iliyoimarishwa kwa viungo vya bei mbaya haina pa kusimama hata siku moja.

Kwa magari, ambako uzito na nafasi vinabana, fosfati za chuma pekee hazitatosha na oksaidi za matabaka zitaendelea kutafutwa. CATL ilitangaza Aprili 2025 betri ya Naxtra ya wati-saa 175 kwa kilo, kiwango kinachoigusa fosfati ya chuma ya lithiamu. Hapo vita vitakuwa juu ya nikeli. Katika unga ule wa theluthi moja moja, nikeli ni karibu asilimia 18 ya uzito wote. Ni yenyewe inayobeba sehemu kubwa ya uwezo, ni yenyewe inayochangia alkali usoni, na ni yenyewe yenye bei. Kuipunguza na kuweka shaba na manganizi kunaupa unga ustahimilivu wa hewa na kuupunguzia uwezo, na sijaona aliyeonyesha hadharani, kwa seli kamili ya ukubwa wa gari, ni wapi kwenye mteremko huo hasara na faida vinakutana. Anayetaka kuchapisha kitu chenye uzito kuhusu kathodi za sodiamu aanzie na mchoro huo.